Mwalimu wa Insha Aliyeanguka Insha

Hotuba kwa wanafunzi watu wazima, ukumbi wa kanisa, Louisville, Kentucky, Jumamosi mchana

Ndugu zangu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wenzetu wa Bukavu na Uvira, jambo yenu. Nimepewa nusu saa. Sina neno, maana nusu saa ndiyo mada yenyewe.

Niungame kwanza. Kule Kenya nilifundisha insha za Kiswahili sekondari kwa miaka 11. Nimesahihisha insha mpaka macho yakaota ukungu. Kisha nikaja huku, nikavaa sare ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kama wengi wenu, na nilipofika miaka 44 nikaketi mbele ya kompyuta kuandika insha za mtihani wa CLEP ili nipunguze masomo ya uuguzi. Nikapata 46. Chuo changu kilitaka 50.

(Kicheko.)

Chekeni tu. Mke wangu alitangulia.

Kwa wasioufahamu: CLEP ni mitihani ya College Board, shirika la mitihani la hapa Marekani, na ilianza mwaka 1967. Unafanya mtihani mmoja, ukifaulu chuo kinakuhesabia somo hilo kana kwamba ulikaa darasani muhula mzima. Alama zinaanzia 20 na kuishia 80, na Baraza la Elimu la Marekani, lile linaloitwa ACE, linapendekeza 50 iwe ndiyo ya kufaulu. Vyuo zaidi ya 2,900 vinaipokea. Mtihani wa uandishi unaitwa College Composition, na pendekezo ni krediti 6, yaani mihula miwili ya Kiingereza cha mwaka wa kwanza. Shahada ya kawaida hapa ni krediti 120, kwa hiyo asubuhi moja unaweza kufuta sehemu moja ya ishirini. Ada ni kama dola 100, na kituo cha mtihani huongeza yake. Kuna shirika linaitwa Modern States ambalo ukimaliza kozi yake ya bure mtandaoni linakupa vocha ya kulipia mtihani. Msiione kama utapeli, ni kweli.

Ila kabla hujatoa hata senti, nenda ofisi ya msajili wa chuo chako uulize kinapokea mtihani upi. Iko miwili inayofanana majina. Mwingine ni College Composition Modular, maswali 90 ya kuchagua jibu, na habari ya insha inaamuliwa na chuo. Kuna dada yetu alifanya huo, akafaulu vizuri, kumbe chuo chake kinataka ule wenye insha. Alilia kwenye maegesho ya magari. Ulizeni kwanza, na mpewe jibu kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye kiini. College Composition ina maswali 50 ya kuchagua, dakika 55. Kisha insha mbili, dakika 70: ya kwanza 30, ya pili 40. Alama za insha na za maswali zina uzito sawa, takriban nusu kwa nusu. Maswali sitayagusa leo, mtayafanyia mazoezi wenyewe. Watu wetu hawaangukii kwenye maswali. Huangukia pale kwenye kisanduku cheupe chenye mstari unaopepesa na saa inayorudi nyuma pembeni.

Niwaeleze nilivyoanguka mimi. Swali lenyewe siruhusiwi kulitoa, unakubali masharti hayo kabla ya kuanza. Ila jibu langu ni mali yangu. Nilisoma swali nikaona rahisi, nikaanza kuandika papo hapo. Na nikaanza vile nilivyokuwa nikifundisha. Mnakumbuka? Wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena kuwa...

(Ukumbi unamalizia kwa pamoja, kila mtu na methali yake.)

Basi mjaribu kuyatia maneno hayo kwenye Kiingereza. Mimi nilijaribu. Mgongo wa chupa peke yake ulinila dakika tatu. Utangulizi ulipokamilika, saa ilikuwa imekula dakika 12. Nikaandika aya moja ya mwili, nikaanza ya pili, nikaiacha, nikaruka kwenda hitimisho. Na hapo kwenye hitimisho, zimebaki dakika mbili, ndipo nikajua ninachofikiri. Sentensi yangu ya mwisho ndiyo pekee iliyokuwa na akili. Ningekuwa nimeanza nayo! Nikaitazama, saa ikafika sifuri, kisanduku kikafungwa.

Ukianguka huruhusiwi kurudia mpaka miezi mitatu ipite. Miezi hiyo mitatu nilikuwa na kitu kimoja cha kujiuliza: kwa nini wazo zuri lilikuja mwisho?

Jibu ni kwamba kwa wengi wetu, kuandika ndiko kufikiri. Unaanza hujui, ukifika chini umejua. Kwa barua ya kumwandikia mjomba, hakuna ubaya, mjomba anasoma mpaka chini. Kwa mtihani wa dakika 30, msomaji anakutana na vurugu lako kwanza na akili yako mwisho, kama utabahatika kuifikia. Kwa hiyo ile safari ya kujua unachofikiri ni lazima uifanye mahali pengine, kwenye karatasi ya rasimu, kwa dakika tano, kabla vidole havijagusa kibodi. Dakika tano. Siyo moja. Nimewaona watu wakichora mstari mmoja, wakaandika "utangulizi, mwili, hitimisho", wakasema wamepanga. Hiyo ni kuhesabu vyumba vya nyumba ambayo hujanunua kiwanja.

Na panga kwa Kiswahili.

Najua wapo walimu wa Kiingereza watakaowaambia mfikiri kwa Kiingereza tangu mwanzo. Nawaheshimu. Lakini saa inapokimbia, lugha ya kupanga ni ile unayogombana nayo nyumbani, ile unayohesabia pesa. Kwa mimi ni Kiswahili. Kwako inaweza kuwa Kibembe, Kirundi, Kisomali. Karatasi ya rasimu hakuna anayeisahihisha. Kwenye kituo wanakupa, na ukitoka wanaichukua, basi.

Tufanye mmoja hapa ubaoni, wa kutunga mwenyewe. Swali: "Kazi hufanyika vizuri zaidi mtu akiwa peke yake kuliko akiwa na wenzake. Je, unakubali?" Insha ya kwanza huwa ya namna hiyo: kauli, wewe uipinge au uiunge mkono, kwa sababu na mifano kutoka uliyosoma, uliyopitia au uliyoyaona. Sikilizeni hapo: uliyopitia au uliyoyaona. Hawakudai uwe umesoma vitabu vya kizungu. Mfano ni nani anao?

(Mama mmoja: "Kumgeuza mgonjwa.")

Naam. Naandika: *bibi, winchi, watu wawili*. Wote mliofanya kazi nyumba za wazee mnaijua. Mgonjwa asiyeweza kusimama anahamishwa kwa winchi, mmoja anaendesha mashine, mwingine anamwongoza bibi miguu na kichwa visigonge. Mwingine?

(Kijana: "Kupakia mizigo.")

Wewe ni wa UPS, wale wasafirisha vifurushi pale uwanja wa ndege, usiku? Vizuri. *Maboksi, ukanda haungoji.* Mwenzako akienda msalani dakika mbili, maboksi yanakufika kifuani. Sasa nataka unaopinga. Ni kazi gani ukiwa na mwenzako inaharibika?

(Kimya kidogo. Mama yuleyule: "Kuandika ripoti ya shifti. Wawili mkiandika, kila mtu anaandika nusu akidhani mwenzake kaandika.")

Mnaona! *Ripoti, mtu mmoja.* Sasa nina vitu vitatu kwenye karatasi, na imepita dakika moja na nusu. Nikikimbilia kibodi sasa nitaandika insha ya "kuna faida na kuna hasara", ambayo ni uji wa jana. Natulia. Navitazama vitatu hivi nijiulize, kwa nini bibi anataka wawili na ripoti inataka mmoja? Winchi ikikosewa, anayeumia ni bibi. Kwa hiyo lazima jicho la pili liwepo. Ripoti ikikosewa, tatizo ni kutojulikana nani aliandika nini. Kwa hiyo lazima awe mmoja mwenye kuwajibika. Basi naandika chini: *hatari iko wapi? Ikiwa ni mwili wa mtu, wawili. Ikiwa ni nani atajibu, mmoja.*

Hiyo ndiyo ile sentensi yangu ya mwisho. Imekuja chini ya karatasi, pale inapokuja siku zote. Kazi iliyobaki ni kuichora mshale mrefu kutoka chini mpaka juu. Inakuwa sentensi ya kwanza au ya pili ya insha: kauli hii inasahau kuuliza kosa litamwangukia nani. Kisha aya ya bibi, aya ya ripoti, na maboksi yanaingia kama nafasi ipo. Mama, hapo wewe umeshapata insha, imebaki kuichapa.

Kule kwetu Kenya, kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, karatasi ya insha ni saa moja na dakika 45, insha mbili, maneno 400 kila moja, kwa kalamu. Mapambo ya lugha yalikuwa na alama zake. Methali iliyokaa mahali pake ilimfurahisha msahihishaji. Najua, nilikuwa yeye. Sisemi ile insha ni mbaya. Insha yetu ni mgeni anayepiga hodi, anaulizia watoto, anaulizia mvua, anakunywa chai, ndipo anasema kilichomleta. Insha yao ni mtu wa kupeleka vifurushi: anataja jina lako, anakukabidhi mzigo, anaenda. Anayesahihisha CLEP ni mwalimu wa Kiingereza wa chuo, na kila insha inasomwa na watu wasiopungua wawili, kila mmoja akitoa alama 0 mpaka 6. Anatafuta mzigo. Umejibu swali lililoulizwa? Una msimamo? Sababu zako zina mifano inayoeleweka? Aya zinashikana? Hata ile 6 ya juu kabisa inasamehe makosa madogomadogo. Hebu hilo lilalieni, ninyi mnaofuta sentensi moja mara nne.

Sasa hesabu ambayo hakuna mtu aliyenifanyia. Dakika 30, toa 5 za kupanga, toa 4 za kusoma tena mwishoni. Zimebaki 21. Ukichapa maneno 15 kwa dakika, na kwa vidole viwili hiyo ndiyo kasi ya wengi wetu, unapata maneno 315, tena kama hukusimama hata mara moja kukuna kichwa. Ukichapa 25, unapata zaidi ya 500, na nafasi ya kukuna kichwa ipo. Mimi nilikuwa na 14. Mwezi wa kwanza kati ya ile mitatu sikuandika insha hata moja, nilijifunza kuchapa. Dakika 20 kila siku kabla ya shifti, kwenye kompyuta ya maktaba ya mtaa, nimekaa kati ya watoto wa darasa la nne. Walinishinda mwezi mzima. Lakini nikwambie, hakuna saa nilizotumia kwa faida zaidi ya hizo. Na mkifanya mazoezi, zimeni ile mistari myekundu inayosahihisha tahajia. Msiizoee.

Insha ya pili, dakika 40. Hii ndiyo iliyonimaliza zaidi, ingawa kwa muda mrefu niliilaumu ile ya kwanza. Wanakupa swali na maandishi mafupi mawili ya waandishi tofauti. Unatakiwa ujenge hoja yako ukitumia yote mawili, na useme wazi lipi limetoka kwa nani. Yote mawili. Mimi nilisoma la kwanza polepole kama barua ya posa, nikalipenda, nikaliandikia. La pili nililitaja kwa nusu sentensi. Na karibu kila nilichoandika kilikuwa muhtasari: huyu anasema hivi, kisha anasema hivi.

Aliyenitoa gizani si mwalimu, ni kumbukumbu ya baraza la nje kwa babu yangu. Wazee wawili wanabishana kuhusu mpaka wa shamba. Wewe ni kijana, umeruhusiwa kusema. Hurudii maneno yao, wapo, wamejisikia. Unasema, "Mzee huyu amesema mto ulihama, na hapo namwamini. Lakini mzee yule ametaja mwembe, na mwembe hauhami." Umemtumia kila mmoja kufika mahali ambapo hakuna kati yao aliyekuwa amefika. Basi. Waketisheni waandishi wale wawili kwenye baraza. Wakati wa kusoma, usiulize "anasema nini?" tu. Uliza, "Yule mwingine angemjibu nini huyu?" Andika jibu hilo kwenye rasimu, kwa Kiswahili, maneno kumi. Mara nyingi hilo ndilo kiini cha insha yako.

Wakati wake mimi naugawa hivi: dakika 10 kusoma na kupanga pamoja, 25 kuandika, 5 kusoma tena. Kutaja chanzo si kazi ngumu, jina la ukoo la mwandishi ndani ya sentensi linatosha, mradi msomaji ajue unamsema nani. Usipolitaja, umejitia kwenye shaka ya wizi wa mawazo, na huku hilo ni kosa kubwa kuliko tulivyozoea. Kwetu kusema maneno ya mkubwa bila kumtaja ilikuwa heshima, kila mtu anayajua ni yake. Hapa hawajui.

Zile dakika za mwisho za kusoma tena, usiwinde makosa yote. Winda yako. Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo tunaziangusha njiani. Kiswahili hakina mwanamume na mwanamke kwenye "yeye", kwa hiyo bibi wa winchi anaanza akiwa "she", aya ya pili amekuwa "he". Halafu ile "s" ya kitenzi cha mtu mmoja. Hayo matatu ndiyo yangu. Nilipita mara tatu, kila mara nikitafuta moja tu, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele: huwezi kutafuta mawe na mende kwa jicho moja. Yenu mtayajua mkiandika insha tano na mtu mwingine akizisoma. Kwangu aliyezisoma ni binti yangu wa darasa la 11, kwa kalamu nyekundu, na kisasi cha miaka yote niliyosahihisha kazi zake za Kiswahili.

Swali? Ndiyo, mzee.

(Mzee mmoja: "Mwalimu, nikikosa mfano wa kweli, naruhusiwa kutunga? Si hawatakuja Kentucky kuuliza?")

Hawatakuja. Lakini tazama hasara yake. Ukitunga inabidi ubuni jina, mahali, yaliyotokea, na uhakikishe hayapingani, na hizo ni dakika. Cha kweli tayari kina kila kitu. Wewe mzee umevuka Ziwa Tanganyika na watoto wanne, nimesikia. Unataka kutunga nini tena?

(Kicheko, makofi.)

Mengine upesi. Usifanye mtihani asubuhi ya kutoka shifti ya usiku. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikidhani kahawa ni usingizi. Jina kwenye kitambulisho lifanane na jina ulilojisajilia, na hapa nawasema watu wa majina matatu ambao huku wamekatwa moja. Matokeo ya huu wenye insha hayatoki papo hapo kama ya mitihani mingine ya CLEP, kwa kuwa insha zinasomwa na binadamu. Msikae mkifungua simu kila saa.

Mara ya pili nilikuwa nimeandika insha 14 nyumbani, jikoni, kwa saa ile ya kupimia mayai. Tatu za mwanzo sikuzimaliza. Ya nne niliimaliza na dakika ikabaki, nikaamsha nyumba. Kwenye mtihani nilipata 58.

Sasa tugeuze viti. Dada pale mlangoni anagawa karatasi, moja ya rasimu na moja ya insha. Leo ni kwa kalamu kwa kuwa kompyuta hatuna za kutosha. Swali nitaliandika ubaoni, hamjaliona popote. Saa yangu inasema saa nane na dakika 40. Mpaka nane na 45 hakuna anayegusa karatasi ya insha, rasimu tu, lugha yoyote. Tayari?

Mzee, weka kalamu chini. Swali lenyewe sijaliandika.